Isimu na ufundishaji wa lugha bila kulipa: maswali mnayoniuliza sana

Nafundisha Kiswahili na Kiingereza sekondari huku wilaya ya Chamwino, isimu, yaani taaluma ya kuchunguza lugha, nilisoma hapa hapa Dodoma mjini, na tangu nimalize chuo wadogo zangu walioko UDOM na St John's pamoja na walimu wenzangu wananiuliza mambo yale yale kila semista ikianza. Nimeona niyaandike yote sehemu moja ili mtu akiniuliza nimtumie tu. Ninachowaambia wote ni kwamba vifaa vya bure vipo vingi na vizuri sana, ila karibu vyote mifano yake ni ya lugha za mbali, kwahiyo ukitaka vikuingie lazima uvilete kwenye lugha unayoijua, Kiswahili chako na lugha ya nyumbani kwenu.

Dada, mimi mwaka wa kwanza, isimu ndo naisikia chuo, nianzie wapi?

Anza na kitabu kimoja. Najua mtu akipata intaneti anakusanya linki hamsini alafu hasomi hata moja. Mimi huwa namwambia mtu achukue Essentials of Linguistics, kilianzishwa na Catherine Anderson wa Chuo Kikuu cha McMaster kule Kanada, toleo la kwanza 2018 na la pili 2022 ambalo kaandika na wenzake. Ni bure na ni halali, unakisoma mtandaoni au unakipakua chote, kinaanzia fonetiki (sauti) kinaenda mofolojia (maumbo ya maneno), sintaksia (miundo ya sentensi) mpaka semantiki (maana), na Kiingereza chake ni chepesi, hakikukatishi tamaa.

Shida yake mifano mingi ni ya Kiingereza. Basi kila ukikutana na mfano simama, tafuta wa kwako. Kwenye mofimu, yaani vipande vidogo vya neno vyenye kazi au maana, watakupa kaneno kenye vipande viwili au vitatu, wewe chukua "hatutawapikia" uikate: ha-tu-ta-wa-pik-i-a. Vipande saba kwenye neno moja na kila kimoja kina kazi yake, mkanushaji, mtendaji, njeo (wakati), mtendewa, mzizi, kauli ya kutendea na kiishio. Ukifanya hivyo kwa maneno kumi hiyo mada umeimaliza, hata lekchara akikuletea neno usilowahi kuliona kwenye mtihani hutishiki.

Ukishamaliza hicho ndo uende MIT OpenCourseWare, hawa wanaweka masomo yao bure na mradi wenyewe ulitangazwa 2001. Kozi yao ya utangulizi wa isimu ina namba 24.900. Mimi huwa nachukua mazoezi yake tu, wanakupa data ya lugha usiyoijua kabisa unaambiwa utafute kanuni mwenyewe.

Bando langu la wiki ni dogo, nitaweza kweli?

Utaweza, ila usiwe mtu wa kuangalia video ovyo. Vitabu na makala ni faili ndogo, video ndo zinakula. Mpango tuliokuwa nao sisi hosteli ulikuwa mmoja anapakua, wengine wanachukua kwenye fleshi, wiki inayofuata anapakua mwingine. Kwa vitu vyenye leseni huria hilo halina kosa lolote, waandishi wenyewe wameruhusu visambazwe. Kama laini yako ina bando la usiku tumia hilo, na kama chuo chenu kina waifai nenda asubuhi mapema kabla watu hawajajaa. Programu zote nitakazozitaja hapa chini ukishaziweka kwenye laptopu hazihitaji intaneti kufanya kazi, na hilo ndo limeniokoa mimi huku kijijini ambako mtandao ni wa kupanda kilimani.

Praat ni nini na kwanini kila mtu wa fonetiki anaitaja?

Ni programu ya kuchambua sauti, imetengenezwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, na neno lenyewe kwa Kiholanzi ni kuongea. Ni bure, nyepesi, inakubali hata laptopu ya zamani. Unafungua sauti yako unaiona kwa macho, mawimbi juu, spektrogramu, yaani picha ya masafa ya sauti, chini, unaona kidatu (wembamba na uzito wa sauti) kinavyopanda na kushuka, unaona konsonanti imeanzia wapi na irabu imeishia wapi.

Nkwambie ukweli, fonetiki kwangu ilikuwa kukariri mpaka siku niliyofungua hii kitu. Tulikuwa tunaandika kwenye notsi "irabu ya juu mbele", "irabu ya chini kati", basi, unaandika hivyo kwenye mtihani unapata maksi zako unaondoka. Sasa fanya hivi: rekodi i, e, a, o, u kwa sauti yako mwenyewe, fungua Praat, soma namba za fomanti ya kwanza (fomanti ni masafa yanayopata nguvu zaidi kinywani unapotamka irabu). Utaona kwenye i na u namba iko chini, inaweza kuwa karibu Hz 300, alafu kwenye a inaruka juu zaidi ya mara mbili, na hapo ndo unaelewa kwamba ule "ujuu" wa ulimi kila unavyopungua ile namba inapanda. Fomanti ya pili ndo inakuonyesha mbele na nyuma, i iko juu sana, u iko chini. Chora kwenye karatasi, utapata ile pembe ya irabu ya kitabuni, ila safari hii imetoka kinywani mwako.

Kosa moja naliona kila mwaka kwa wanaume. Praat imepangwa kutafuta fomanti mpaka Hz 5500, hiyo inafaa zaidi sauti za wanawake. Kwa sauti ya mwanaume ingia kwenye mpangilio wa fomanti uweke 5000, la sivyo namba zako zitayumba na utaandika ripoti nzima juu ya irabu ambazo hazipo.

Alafu kama una rafiki wa Kondoa anayeongea Kirangi, mwombe naye atamke irabu zake. Kiswahili kina tano, Kirangi kina saba. Ukiziona zile mbili za ziada zimekaa katikati ya wenzake kwenye mchoro wako hutasahau maisha yako yote.

Nina simu tu, naweza kurekodi data ya utafiti?

Unaweza. Tafuta programu ya kurekodi inayohifadhi kwa WAV, usitumie voisi noti za kwenye magrupu kwasababu zile zinabanwa na baadhi ya sauti zinapotea kabisa, na ukitaka kumtumia mtu faili tuma kama dokumenti. WAV ya kawaida, Hz 44,100 biti 16 chaneli moja, inachukua kama MB 5 kwa dakika, yaani saa nzima ni kama MB 320. Futa picha kwanza.

Adui mkubwa wa Dodoma ni upepo. Mimi nilienda kurekodi simulizi kwa mzee mmoja, mwezi wa saba, tumekaa nje chini ya mbuyu, mandhari nzuri, mzee ana maneno matamu ya Kigogo ambayo hata watoto wake hawayajui, saa nzima na nusu. Nafika nyumbani nasikiliza ni vuuu vuuu mwanzo mwisho. Nilikaa kitandani nikalia. Nilirudi wiki ya pili tukakaa ndani, mlango umefungwa, kuku wametolewa nje, simu nimeilaza juu ya kitenge kilichokunjwa karibu na mdomo wake kama shubiri mbili, na ikatoka safi kabisa, ila ile simulizi ya kwanza hakuisimulia tena vile vile. Kwahiyo rekodi dakika moja, sikiliza na iyafoni, ndo uendelee. Na kabla ya yote omba ruhusa, mweleze mzee unarekodi kwa ajili gani na nani atasikia, akisema hapana ni hapana.

Kusafisha na kukatakata sauti tumia Audacity. Kuandika maneno sambamba na sauti au video tumia ELAN, inatoka Taasisi ya Max Planck ya Nijmegen, Uholanzi. Ukifika hatua ya kutengeneza kamusi na kuchambua matini kuna FLEx ya SIL, shirika la kimataifa linaloshughulikia lugha. Hiyo ya mwisho ni nzito kidogo kujifunza, usiiguse mpaka uwe na data yako ya kweli.

Alama za IPA zinanichanganya, na nikiziandika kwenye Word zinageuka viboksi.

IPA ni alama za kimataifa za kuandika sauti za lugha, na viboksi ni fonti tu. Pakua Charis SIL au Doulos SIL, zote bure, na Keyman kwa ajili ya kibodi. Chati yenyewe inatolewa na chama cha kimataifa cha fonetiki kilichoanzishwa Paris mwaka 1886, wanaitoa bure, na kuna chati za kubonyeza alama ukasikia sauti yake.

Bonyeza kwanza zile za kundi la vipasuo vya kuvuta hewa ndani, ɓ ɗ ʄ ɠ. Alafu sema "baba", "dada", "jaja", "gagaa" polepole ukiwa umeweka vidole kooni. Wengi wetu b yetu ya Kiswahili inavuta ndani, siyo b ya Waingereza. Mwalimu wa Kiingereza akilijua hili anaacha kumwambia mtoto "tamka vizuri" bila kumwambia afanye nini.

Nataka kufanya utafiti kuhusu lugha za huku kwetu, kuna chochote mtandaoni?

Kipo kingi kuliko unavyodhani, na hapa ndo natamani kila mwanafunzi wa Dodoma anisikilize. Ukanda huu wa kati ni hazina. Kigogo, Kirangi, Kinyaturu na Kinyiramba ni za Kibantu. Kiburunge na Kialagwa, na Kiiraki kule Mbulu, ni za Kikushi. Kimang'ati, wengine wanaita Kidatooga, ni ya Kinailoti. Kisandawe kiko mkoa wetu huu huu na kina vidoko, zile sauti za kugonga kwa ulimi, na Kihadza kiko upande wa ziwa Eyasi, nacho kina vidoko. Kuna watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kusikiliza lugha ambazo wewe ukipanda basi la Kondoa asubuhi, mchana umeshafika.

Kisandawe kina sarufi ya Helen Eaton iliyotolewa na SIL mwaka 2010, na kuna tasnifu ya Sander Steeman ya Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, ya 2012, vyote unavipata bila kulipa. Kwa Kirangi tafuta tasnifu ya Hannah Gibson ya chuo cha SOAS, London, nayo ni ya 2012, inahusu kitu cha ajabu sana: kwenye baadhi ya njeo za wakati ujao kitenzi kikuu kinatangulia, kitenzi kisaidizi kinafuata. Kwa Kibantu cha Afrika Mashariki hilo ni nadra mno. Mrangi mwenyewe anaongea hivyo kila siku na hajui kama anatamka kitu ambacho watu wamekiandikia tasnifu nzima.

Kwenye kanzidata, yaani hazina za data mtandaoni, anza na Glottolog, unaandika jina la lugha unapewa ukoo wake na orodha ya kilichoandikwa juu yake. Alafu PHOIBLE kwa orodha ya sauti, Kisandawe na Kihadza vyote vipo. WALS, yaani atlasi ya miundo ya lugha za dunia, ilitoka kama kitabu 2005 na imewekwa wazi mtandaoni, sura yake ya 19 ina ramani ya konsonanti adimu, ifungue uangalie vidoko: rundo liko kusini mwa Afrika, alafu huku kwetu vitone vichache tu vimejitenga peke yao. Mimi nilipoiona hiyo ramani mara ya kwanza nilimwita kila mtu chumbani aje aione. Kwa wa Kibantu kuna BLR3 ya jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, unatafuta mzizi wa Kibantu asilia, ile lugha mama ya lugha zote za Kibantu, unaona umetokea kanda zipi. Kigogo kwenye uainishaji wa Guthrie, aliyezipanga lugha za Kibantu kwa kanda, ni G11, Kirangi F33, hizo namba zitakusaidia kutafuta.

Angalizo, notsi nyingi za zamani zinasema Kisandawe na Kihadza ni Kikhoisani, yaani ukoo mmoja na lugha za vidoko za kusini mwa Afrika, huo ni uainishaji wa mwanaisimu Greenberg na wanaisimu wengi wa sasa hawaukubali, hasa kwa Kihadza ambacho wanakiona ni lugha isiyo na ndugu. Ukiandika kwenye kazi yako sema ni nani kasema, usiandike kama jambo lililokwisha.

Mwalimu, natafuta mifano halisi ya Kiswahili siyo ya kujitungia, napata wapi?

Hapo unataka korpasi, mkusanyiko mkubwa wa matini kwenye kompyuta. Ya Helsinki ndo inayojulikana zaidi, toleo la pili lina maneno kama milioni 25, mengi ya magazeti na vitabu, iko kwenye Benki ya Lugha ya Finlandi. Ila unaweza kutengeneza yako ndogo. Kusanya habari mia mbili tatu za magazeti uzihifadhi kama matini tupu, fungua AntConc, programu ya bure ya Laurence Anthony wa Chuo Kikuu cha Waseda, Japani, alafu tafuta kitu kimoja. Kwa mfano "-ni" ya mahali: shuleni, mezani, mjini. Utakuta inakataa majina ya watu na ya miji, hakuna anayesema "Dodomani", na utaanza kujiuliza kwanini. Hilo swali tu ni pendekezo la utafiti.

Makala ninayoihitaji wanataka dola, nifanyeje?

Usilipe kwanza. Andika kichwa cha makala Google Scholar, angalia upande wa kulia au sehemu ya matoleo mengine, mara nyingi mwandishi ameweka nakala kwenye maktaba ya chuo chake. Kama haipo mwandikie mwandishi barua pepe ya sentensi tatu, wewe nani, unasoma wapi, unaomba makala gani. Mimi nimejibiwa mara nyingi kuliko nilivyotegemea.

Alafu kuna ambazo hazijawahi kuuzwa kabisa. Jarida la Swahili Forum linalotoka Leipzig ni la bure, lina makala za isimu na fasihi na nyingine zimeandikwa kwa Kiswahili. Language Science Press ya Berlin inatoa vitabu vya isimu bure tangu 2014, na ina mfululizo mzima wa isimu ya Afrika. AJOL inakusanya majarida ya Kiafrika na mengi yako wazi. Tasnifu za Uholanzi zinazotolewa na LOT, mtandao wa vyuo vya isimu wa huko, zinapakulika zote. Na kama unataka kuona Kiswahili cha zamani, kamusi ya Kiswahili ya mmisionari Krapf ya 1882 imeskaniwa iko kwenye Internet Archive, ukiipitia unakutana na maneno ambayo bibi yako bado anayatumia na wewe ulidhani ni makosa.

Mimi mwalimu wa darasani, haya ya fomanti siyahitaji, nataka vya kufundishia.

Sawa. Kwanza Maktaba Mtandao ya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania), vitabu vya kiada viko humo, hata shule ikiwa na nakala tano kwa watoto tisini wewe angalau unacho cha kwako. Pili TESSA, mradi wa elimu ya walimu Afrika, ilianza 2005 chini ya Chuo Kikuu Huria cha Uingereza na wabia wa Afrika, na ina toleo la Kiswahili, shughuli zake zimepangwa kwa darasa lenye watoto wengi na vifaa vichache. Tatu, kwa Kiingereza, ukurasa wa TeachingEnglish wa British Council una andalio za masomo na mafunzo ya walimu.

Ila ninachokipenda kuliko vyote ni African Storybook, mradi wa Afrika Kusini wa hadithi fupi zenye picha, kwa Kiswahili na lugha nyingi za Afrika. Unapakua, unachapa kwenye karatasi za kawaida, unakunja. Na unaruhusiwa kutafsiri na kutunga zako. Kidato cha kwanza wangu huwa wanakuja wanaogopa Kiingereza kama simba, nikawapa hadithi ya Kiswahili kwanza, wakaisoma, wakacheka, alafu ndo nikawapa ile ile kwa Kiingereza. Wakawa wanabahatisha maneno wenyewe kutokana na picha na yale waliyokwisha kuyasoma. Mtoto mmoja wa nyuma kabisa ambaye hajawahi kunyoosha mkono tangu Januari alisoma ukurasa mzima.

Kuna vyeti?

OpenLearn ya Chuo Kikuu Huria cha Uingereza inatoa cheti cha ushiriki bure. Coursera cheti kinalipiwa ila unaweza kuomba msaada wa ada, andika maombi yako kwa uaminifu. Kuna kozi yao nzuri ya utangulizi wa isimu kutoka Leiden.

Je, akili mnemba inaweza kunifanyia asaimenti?

Itakuandikia, lakini utaumia. Mdogo wangu mmoja aliniletea rasimu yenye marejeo manne aliyopewa na programu ya aina hiyo, tukakaa jioni nzima tunatafuta, mawili hayapo popote duniani, yametungwa. Kwenye lugha zetu ndo hatari zaidi kwasababu maandishi yake mtandaoni ni machache, kwahiyo inabahatisha kwa kujiamini. Itumie kukueleza dhana usiyoielewa, alafu kathibitishe kitabuni. Mfano wa Kigogo mwulize Mgogo.

Nikishamaliza utafiti rekodi zangu nizipeleke wapi?

Zisifie kwenye laptopu. Kuna hifadhi ya ELAR ya lugha zilizo hatarini, ilikuwa SOAS London na tangu 2021 iko Berlin, kusikiliza vilivyomo unajisajili tu bure, na ukifungua utajifunza watu wanavyopanga na kutaja rekodi zao: tarehe, mahali, lugha, nani anaongea, ruhusa ya nini. Panga zako hivyo hivyo hata kama hujui utazipeleka wapi. Weka nakala tatu sehemu tofauti, na moja kati ya hizo iwe nyumbani kwa aliyekusimulia. Yule mzee wangu nilimpelekea fleshi na redio ndogo yenye tundu la fleshi, maana pale nyumbani hakuna kompyuta, na mara ya mwisho nilipopita wajukuu zake walikuwa wamekaa mlangoni wanaisikiliza wanabishana kuhusu neno moja lina maana gani, nami nikatoa daftari nikakaa nao.